Maswali ya Wasomaji: Programu Ikijifunga Yenyewe, Kumbukumbu Zake Zichukuliwe Vipi?

SWALI

Ndugu mwandishi, salaam. Nina duka la vitenge Kariakoo, na kwa miaka miwili sasa naweka hesabu zangu zote kwenye programu ya simu ambayo pia hunitolea risiti kwa kimashine kidogo cha kuchapa kinachounganishwa kwa bluetooth. Tangu simu ilipojisasisha, kila nikibonyeza kitufe cha kuchapa risiti programu inajifunga yenyewe. Nimewapigia walioitengeneza, nao wakaniambia niwatumie "logi za kreshi". Nilipomuuliza fundi simu aliye barazani jirani na duka langu, alisema logi hazina maana, dawa ni kuiflash simu. Hizo logi ni kitu gani, nazipataje, na je, nimsikilize fundi?

*Mama wa vitenge, Kariakoo*

JIBU

Mama, kabla sijaeleza chochote nakuomba usikubali simu hiyo iflashiwe, yaani mfumo wake ufutwe na kuwekwa upya, wala programu ifutwe na kupakuliwa upya, mpaka kumbukumbu za hitilafu zitoke kwenye simu na kuwafikia waliokuomba. Fundi wako huenda ana nia njema, kwa kuwa kuflash huondoa matatizo mengi kwa mkupuo mmoja, lakini huyaondoa pamoja na ushahidi wake, na pamoja na hesabu za duka kama hazijahifadhiwa mahali pengine. Na tatizo likiwa limo ndani ya programu yenyewe, litarudi siku ile ile utakapoipakua upya, safari hii bila alama yoyote ya kulifuatilia.

Logi ni maandishi ambayo simu hujiandikia yenyewe muda wote inapokuwa imewaka. Programu inapofunguliwa, inapounganishwa na kifaa kingine au inaposhindwa jambo, mstari mmoja au zaidi huandikwa ukiwa na tarehe, saa mpaka sehemu ya elfu ya sekunde, na maelezo mafupi ya kilichotokea. Programu ikifa ghafla, jambo ambalo vijana wa ufundi hulitaja kuwa kukreshi, mfumo wa Android huandika pia mfululizo wa hatua ambazo programu ilikuwa ikizipitia dakika hiyo, kuanzia hatua ya mwisho kurudi nyuma. Mtengenezaji akiusoma mfululizo huo anajua ni faili gani na mstari wa ngapi wa kazi yake ulioshindwa. Bila huo, anachopokea kutoka kwako ni maneno "programu inajifunga", ambayo ni ya kweli kabisa, ila hayamwonyeshi pa kuanzia.

Ninasisitiza uharaka kwa sababu kumbukumbu hizi hazikai. Android huziweka katika mafungu madogo ya memori, ambayo kwenye simu nyingi yana kilobaiti 256 kila moja, na fungu likijaa mistari mipya huandikwa juu ya ile ya zamani. Simu ya mfanyabiashara, yenye WhatsApp inayoita kutwa nzima na ujumbe wa malipo unaoingia kila baada ya mteja mmoja, inaweza kulijaza fungu hilo ndani ya muda mfupi sana. Simu ikizimwa na kuwashwa, sehemu kubwa ya kilichokuwamo hupotea, kwa kuwa memori ya aina hiyo haishiki kitu ikikosa umeme. Ile desturi yetu ya "zima, halafu washa" inasaidia katika mambo mengi, lakini hapa ingoje mpaka kumbukumbu ziwe zimechukuliwa.

Namna ya kuzichukua ni hii. Fungua Mipangilio, ingia Kuhusu simu, kisha utafute Nambari ya muundo na uiguse mara 7 mfululizo. Simu itakuomba neno la siri lako la kufungulia kioo, halafu itakuambia kwamba sasa wewe ni msanidi programu, yaani mtengenezaji wa programu. Kwenye Samsung nambari hiyo imo ndani zaidi, katika ukurasa wa maelezo ya mfumo ulio chini ya Kuhusu simu, na kwenye Xiaomi unachogusa mara 7 ni toleo la mfumo wao. Kitendo hiki hakiharibu simu wala hakifuti kitu. Kinachofanyika ni kuonekana kwa ukurasa uliokuwa umefichwa, unaoitwa Chaguo za wasanidi programu, ambao mara nyingi huwa chini ya Mfumo au mwisho kabisa wa Mipangilio. Humo ndani kuna mipangilio mingi ambayo sikushauri uiguse. Unayoihitaji ni miwili tu: ule wa ukubwa wa nafasi ya kuwekea logi, ambao unaweza kuupandisha hadi megabaiti 4 au 16 ili mistari isifutwe haraka, na ule ulioandikwa Ripoti ya hitilafu.

Sasa fuata mpangilio huu bila kuuruka. Washa kimashine cha kuchapa, fungua programu ya hesabu, bonyeza kitufe cha risiti na uiache ijifunge kama kawaida yake. Tazama saa ya simu na uiandike kwenye karatasi. Rudi mara moja kwenye Ripoti ya hitilafu, chagua ripoti kamili, kisha uiweke simu chini na usiitumie. Baada ya dakika chache utaletewa taarifa juu ya kioo kwamba ripoti iko tayari. Ukiigusa, utapewa nafasi ya kuituma kwa barua pepe au kuihifadhi. Faili hilo ni la zip na jina lake huanza na neno bugreport. Lisifunguliwe, lisibadilishwe jina, na lisipigwe picha ya kioo badala ya kutumwa lenyewe. Gmail hupokea viambatisho visivyozidi megabaiti 25, na faili likizidi hapo litapandishwa Drive, hifadhi ya Google ya mtandaoni, na mpokeaji atapelekewa kiungo. Ikiwa bando lako ni dogo, tafuta Wi-Fi kwanza.

Kuhusu ile saa uliyoiandika, ninaomba univumilie nieleze kwa kirefu, kwa sababu nimeona kazi ya siku mbili ikipotea kwa jambo hili. Sisi tunasema programu ilijifunga saa nane na dakika saba mchana, na simu inaandika 14:07. Ukimwandikia fundi wa walioitengeneza programu "8:07" bila neno lingine, hasa asiyezungumza Kiswahili, atakwenda kuisoma mistari ya asubuhi, hatakuta kitu, kisha atakujibu kwamba hakuna hitilafu iliyoonekana. Programu nyingi tunazozitumia zina mafundi walio nchi nyingine, na aliye Bengaluru yuko mbele yetu kwa saa 2 na nusu, kwa hiyo saa yako ya 14:07 kwake ni 16:37. Andika basi hivi: "Ilijifunga saa 14:07 kwa saa ya simu, Dar es Salaam, nilipobonyeza kitufe cha kuchapa risiti." Sentensi hiyo moja, pamoja na jina la simu, toleo la Android na toleo la programu, humwezesha fundi kwenda moja kwa moja kwenye mistari kumi anayoihitaji kati ya maelfu kwa maelfu yaliyomo.

Kisa kinachokaribiana na chako nilikaa nacho mwenyewe, katika duka la vifaa vya umeme Mtaa wa Msimbazi. Mwenye duka alibonyeza kitufe, kioo kikapepesa mara moja, programu ikatoweka. Tulichukua ripoti papo hapo, tukaihamishia kwenye kompyuta mpakato na kutafuta maneno FATAL EXCEPTION, ambayo ndiyo Android huyaandika programu inapouawa na kosa lake yenyewe. Mstari wa chini yake ulitaja jina la programu ya duka, na uliofuata ulianza na neno SecurityException, likifuatiwa na maelezo kwamba inahitajika ruhusa iitwayo BLUETOOTH_CONNECT. Maana yake ilikuwa wazi. Kabla ya Android 12, iliyotoka Oktoba 2021, programu ilipewa ruhusa ya kuzungumza na kifaa cha bluetooth wakati wa kupakuliwa, bila mwenye simu kuulizwa. Kuanzia toleo hilo, programu iliyotengenezwa kuufuata mfumo mpya lazima imwombe mwenye simu. Watengenezaji wa programu ile walisahau kuomba, na mfumo ukaikatalia programu pale ilipoigusa bluetooth. Tuliingia Mipangilio, Programu, jina la programu, kisha Ruhusa, tukaruhusu Vifaa vilivyo karibu, na kimashine kikatoa risiti. Hata hivyo ripoti ilitumwa kwa watengenezaji, kwa sababu wafanyabiashara wengine waliokuwa wakitumia programu ile ile hawakuwa na mtu wa kuwasomea mstari huo.

Sitaki kudai kwamba tatizo lako ni hilo hilo, Mama, ingawa kusasishwa kwa simu na kitufe cha risiti vinanifanya nilifikirie. Ukishachukua ripoti, iangalie ruhusa hiyo. Ikiwa imezimwa, iwashe na ujaribu, kisha uwaeleze watengenezaji ulichofanya na kilichotokea.

SWALI

Mimi ni mwanafunzi ninayeishi Sinza na ninatumia iPhone. Programu ninayorekodia mihadhara hujifunga katikati ya kipindi. Nimeambiwa simu hutunza faili za hitilafu, lakini nilipozifungua nilikuta orodha ndefu ya majina nisiyoyaelewa. Nitume lipi?

JIBU

Kwenye iPhone kazi ni nyepesi kidogo, kwa sababu kila hitilafu huandikiwa faili lake, na faili hizo hubaki hata simu ikizimwa. Wengi wetu tunaitumia iPhone kwa menyu za Kiingereza, hivyo nakutajia kama zilivyoandikwa: Settings, kisha Privacy & Security, kisha Analytics & Improvements, na mwisho Analytics Data. Katika orodha hiyo tafuta faili linaloanza na jina la programu yako na kufuatiwa na mwaka, mwezi, tarehe na saa. Mwisho wa jina huwa ni ips. Lifungue, gusa alama ya kutuma iliyo juu ya kioo, ulipeleke kwa barua pepe. Usijaribu kunakili maandishi ya kioo kimoja tu, kwa kuwa faili hilo lina sehemu ambazo ni namba tupu za mahali palipo ndani ya programu, na ni mtengenezaji peke yake, akiwa na faili la tafsiri lililobaki kwake alipoijenga programu, anayeweza kuzigeuza ziwe majina yanayosomeka. Ndiyo maana fundi simu wa mtaani, hata awe hodari namna gani, hawezi kukusomea yote yaliyomo.

Kwa jinsi ulivyoeleza, kwamba programu hujifunga katikati ya kipindi, inawezekana usikute faili lenye jina la programu kabisa. Usikate tamaa ukadhani simu haikuandika kitu. Tafuta faili zinazoanza na neno JetsamEvent zenye tarehe na saa ile ile. Hizo huandikwa memori ya simu inapokuwa haba na mfumo ukalazimika kuziua baadhi ya programu ili zilizobaki zipumue. Ndani yake mna orodha ya programu zilizokuwa zikiendeshwa na kiasi cha memori ambacho kila moja ilikishika. Kwa mtengenezaji hii ni habari tofauti kabisa na ile ya kosa la msimbo, yaani maandishi yanayoiendesha programu, na akiipata mapema hatapoteza wiki nzima akitafuta kosa mahali lisipokuwepo. Kama ndani ya faili la programu utaona namba 0x8badf00d, ujue kwamba programu ilichelewa mno kuitikia na mfumo ukaikatisha.

Mara chache mtengenezaji atakuomba ripoti kubwa zaidi, inayoitwa sysdiagnose. Hiyo huanzishwa kwa kubonyeza kwa pamoja vitufe viwili vya sauti na kile cha pembeni kwa muda wa kama sekunde moja na nusu, kisha kuviachia. Simu itatetemeka kidogo, na baada ya dakika 10 hivi faili lake litaonekana katika orodha ile ile. Ukubwa wake unaweza kufikia mamia ya megabaiti, kwa hiyo usiichukue mpaka uombwe.

SWALI

Kaka, mimi ni dereva wa bajaji, kituo changu kipo Ubungo. Programu yangu ya kupokea abiria inaganda na kujifunga. Kwenye kundi letu la WhatsApp mtu ametuma kiungo cha programu anayosema hukusanya logi za programu zote za simu, na akasema ripoti tuiweke humo humo kundini atusaidie. Je, ni salama?

JIBU

Hapana ndugu yangu, na ninakuomba uwaambie na wenzako. Tangu Android 4.1, iliyotoka mwaka 2012, programu ya kawaida inaweza kusoma logi zake yenyewe tu, haiwezi kusoma za programu nyingine. Anayekuahidi kwamba programu yake itakusanya za zote, bila kompyuta na bila ruhusa maalumu, ama hajui anachokisema au anatafuta kitu kingine ndani ya simu yako. Tumia Ripoti ya hitilafu iliyomo kwenye simu yenyewe, kama nilivyoeleza katika jibu la kwanza.

Na ripoti hiyo haifai kuwekwa kundini. Ndani yake mna orodha ya programu zote ulizonazo, anwani za akaunti zako, na majina ya Wi-Fi ulizowahi kuunganisha. Programu ambayo haikutengenezwa kwa uangalifu inaweza hata kuwa imeandika humo jambo la siri. Ukiiweka mbele ya watu mia mbili huwezi kuirudisha. Mpe aliyetengeneza programu, kwa anwani iliyoandikwa kwenye ukurasa wa programu hiyo Play Store, na kama una shaka muulize ataitumia kwa kazi gani na ataifuta lini. Una haki ya kuuliza: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa zako akueleze madhumuni ya kuzikusanya. Namba ya siri ya pesa za simu haihitajiki katika jambo hili hata kidogo, na anayeiomba si fundi.

Jambo jingine. Fundi akikuunganisha na kompyuta na kuwasha Utatuzi wa USB, hakikisha ameuzima kabla hujaondoka barazani kwake, kwa sababu ukibaki umewashwa, kompyuta iliyokwisha kuruhusiwa inaweza kuendelea kuiamuru simu yako kila inapochomekwa.

Umesema pia kwamba programu huganda kwanza. Hilo litaje kwa mtengenezaji, kwa sababu kuganda na kujifunga ni vitu viwili. Programu isipoitikia mguso wako kwa sekunde 5, Android hukuuliza kama unataka kuifunga au kuisubiri, na hapo huandika kumbukumbu ya aina nyingine inayoonyesha kila sehemu ya programu ilikuwa ikingoja nini.

SWALI

Je, watengenezaji hawapati taarifa hizi wenyewe kupitia intaneti, mpaka sisi wateja tuhangaike?

*Msomaji, Tegeta*

JIBU

Wengi wanazipata. Programu nyingi hubeba ndani yake kifaa cha kutoa taarifa za hitilafu, kama kile cha Google kiitwacho Crashlytics, na Play Store nayo huwakusanyia watengenezaji ripoti kutoka kwa wenye simu waliokubali kushiriki taarifa za matumizi. Lakini kuna jambo linalowapita watu wengi: programu iliyokufa ghafla haina nafasi ya kutuma kitu wakati huo huo, hivyo huiweka ripoti ndani ya simu na kuituma inapofunguliwa tena. Mtu ambaye bando lilimwishia, au aliyekasirika akaifuta programu palepale, au aliyefuta data zake, ripoti yake haikutoka, na kwa mtengenezaji ni kama hitilafu ile haikutokea.

Kwa hiyo programu ikijifunga, hakikisha kwanza data imewashwa na bando lipo, uifungue tena na uiache wazi kwa dakika moja au mbili. Ikijifunga papo hapo kila unapoifungua, huenda haipati muda wa kutuma, na hapo ndipo ripoti unayoichukua kwa mkono inapokuwa njia pekee iliyobaki.